Nyumba Iliyotaka Moto

Shemeji zake walimwita Mkate, na baada ya miaka mingi ya ndoa alikuwa amezoea kuitika. Alikuwa mwokaji. Kazi hiyo ilikuwa imemgeuza popo: watu wakilala yeye anakanda unga, watu wakiamka yeye anatafuta ukuta wa kuegemea. Hakuwa macho sawasawa na hakuwa usingizini sawasawa. Mara nyingi alimfungia mteja mikate huku anaota, akizinduka anakuta ameifunga vizuri na mteja ameshaondoka. Mkewe alisema kuishi naye ni kama kuishi na mtu anayeongea akiwa chumba cha pili. Alisema hivyo akicheka, lakini alisema.

Mama mkwe wake alikuwa wa aina nyingine kabisa. Alikuwa dobi. Duka lake lilikuwa kwenye kona ya mtaa wao, lenye pasi nzito za mvuke na kamba zilizopita juu ya vichwa vya watu, na kwa sababu ya wingu jeupe lililomzunguka kutwa nzima, mji mzima ulimwita Mama Mvuke. Alikuwa amenyoosha magauni ya mabibi harusi, mashati ya wanasheria na suti za marehemu. Kila mtu aliyekwenda kwenye jambo kubwa la maisha yake alipitia kwanza mikononi mwake, yeye mwenyewe akabaki dukani.

Mumewe alipofariki, mabinti zake watatu wakamwambia apumzike. Duka likachukuliwa na binti wa kwanza, yule ambaye hata baba yake alikuwa akimwogopa, na Mama Mvuke akabaki na mikono isiyojua pa kukaa. Daktari akamwambia anyonge baiskeli kwa ajili ya magoti. Watoto walidhani atachoka baada ya wiki moja. Wapi! Alianza na barabara ya soko, akahamia barabara ya mto, mwisho akawa anapotea kutwa nzima na kurudi jioni mashavu yanawaka, anakula kama mpiga mbizi. Siku moja akateleza kwenye kokoto akaingia mtaroni. Hakuumia, ila alirudi na majani kichwani, na majani hayo ndiyo yaliyomponza.

Kikao kikaitishwa sebuleni kwa binti wa kwanza. Huyu alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Pasi ya mama yake aliirithi mpaka kwenye ulimi.

"Kuanzia leo, Mama, hakuna kwenda peke yako."

"Sawa," akasema Mama Mvuke. "Basi nitafutieni wa kwenda naye, maana nataka kuvuka milima ya hifadhi. Naingia lango la magharibi, nalala kwenye vile vijiji vya kale huko juu, kesho yake natokea lango la mashariki."

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Umri huo, baridi hiyo, magoti hayo! Mama Mvuke aliwasikiliza kama mtu anayesubiri maji yachemke. Walipochoka, binti wa mwisho, ambaye ndiye mke wa Mkate, akasema taratibu, "Aende na Mkate."

Mkate mwenyewe alikuwa pale pale kwenye kochi, kidevu kifuani. Alipozinduka alikuta kesi imekwisha, hukumu imetolewa, na yeye ndiye mfungwa.

"Mimi?"

"Wewe."

"Mimi sina baiskeli."

"Ya shemeji yako ipo stoo," akasema binti wa kwanza. "Aliiendesha mara moja tu. Na nisikilize vizuri, shemeji. Unaondoka na mama yetu, unarudi na mama yetu. Tutawasubiri na gari lango la mashariki."

Ukubali usikubali, mama mkwe hakataliwi. Na hapo ndipo palipomtisha Mkate kuliko mlima wenyewe. Tangu aoe hajawahi kukaa na mama mkwe wake peke yao. Kila mara palikuwa na mtu katikati, au meza, au sinia la chai. Akimsalimia alitazama chini; akipokea kitu kwake alipokea kwa mikono miwili. Sasa ataandamana naye vipi siku mbili nzima, nyika na milima, wote wawili wamevaa zile nguo za kubana?

Asubuhi ya safari alivaa suruali pana juu ya kaptula ya baiskeli, kwa heshima. Mama Mvuke alimtazama pale langoni, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, nimefua nguo za ndani za mji mzima. Hakuna nisichokijua. Vua hilo suruali kabla halijanaswa na cheni."

Akalivua.

Mlinzi wa lango alikuwa kijana mwembamba, amejifunga shali hadi masikioni. Alinyanyua kizuizi cha mti kwa mkono mmoja, kikombe kikiwa kwenye mkono wa pili, akawaeleza kwamba magari hayaruhusiwi kuvuka, isipokuwa lori la hifadhi linalopanda mara moja kwa wiki kupeleka mafuta ya taa na chumvi.

"Kuna vijiji vitatu," akasema. "Cha kwanza kina watu wachache. Cha pili hakina mtu. Cha tatu sijui niseme nini, mtakiona wenyewe. Mkikutana na mbuzi barabarani, wapisheni. Wao ndio wenye njia."

Wakaanza kupanda.

Barabara ilikuwa nyembamba, imejikunja mlimani kama utepe uliodondoka kutoka mfukoni mwa mtu. Kulia misonobari, kushoto bonde, na chini kabisa mto uliosikika bila kuonekana. Mama Mvuke alitangulia. Hakuwa na haraka wala hakusimama. Alinyonga kwa mwendo mmoja tu, kama alivyokuwa akisukuma pasi, na Mkate nyuma yake akahangaika na gia, mara nzito mno, mara nyepesi hata miguu ikazunguka hewani. Jasho lilimtiririka. Moyo ulimpiga mpaka kwenye meno. Lakini baada ya kona kadhaa mwili ukakata tamaa ya kulalamika, pumzi ikapata mlango wake, na ule usingizi nusu alioishi nao miaka yote ukaanza kufanana na mahali hapa: harufu ya utomvu, jua likiingia na kutoka kati ya miti, kivuli, mwanga, kivuli, mwanga. Hakujua tena kama anapanda mlima au mlima unateremka polepole chini ya magurudumu yake.

Kijiji cha kwanza kiliwatokea ghafla nyuma ya mwamba. Nyumba za mawe zilizosongamana, mapaa ya vigae vya mawe yenye kuvu la kijani, vizingiti vya mbao vilivyochongwa maua na nyota na watu wadogo wasio na nyuso, kwa kuwa mikono ya waliopita kwa karne nyingi ilikuwa imezifuta. Mwanamke mmoja alikuwa akianika vitunguu ukutani. Aliwatazama, akawatupia kimoja kimoja bila salamu, kama mtu anayewalisha ndege, nao wakavidaka. Mama Mvuke alikiweka kitunguu chake kwenye mfuko wa mgongoni, akaendelea.

Katika kijiji cha pili hata sauti ya matairi ilikuwa kelele. Milango ilikuwa imefungwa kwa kufuli zilizoota kutu. Mkate alishuka akachungulia dirishani, akaona meza yenye kitambaa cha plastiki, vikombe vimepangwa, kiti kimevutwa nyuma kidogo, kana kwamba aliyekikalia amekwenda kuona nani anabisha hodi. Paka alikuwa amelala juu ya mnara wa walinzi. Nyumba nyingine zilikuwa zimeanguka upande mmoja, paa limezama ndani, na mti umechomoza sebuleni.

"Walikwenda wapi?" akauliza Mkate.

"Mjini," akasema Mama Mvuke. "Watu huenda wapi kwingine? Pengine niliwafulia."

Hapo ndipo wingu lilipowashukia.

Halikuja kama mvua, halikupiga hodi. Lilitoka bondeni likapanda kwa miguu yake, likameza mnara, likameza barabara, likammeza Mama Mvuke aliyekuwa hatua chache mbele. Mkate alibaki na usukani wake, mikono yake, na kipande cha lami kisichozidi mkeka. Akawasha taa. Taa ikamwonyesha weupe ule ule.

"Mkwe, upo?"

"Nipo, mama."

"Ongea basi, nijue uko wapi."

"Niseme nini?"

"Chochote. Wewe unayelala mchana, unaota nini?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo, hata mkewe. Na katika wingu lile adabu ya ukwe ilikuwa imetimia yenyewe: hawakuonana. Hakukuwa na haja ya kuinamisha macho. Akajikuta anasema.

"Naota unga unaumuka. Unajaza sufuria, unajaza chumba, halafu unafungua mlango wenyewe na kutoka barabarani. Watu wanaupisha. Unakwenda mpaka mtoni, unakaa, unatulia. Mimi naufuata nyuma na taulo, nataka kuufunika usipate baridi."

Kicheko kikatoka weupeni, kicheko kirefu cha msichana.

"Unaufunika?"

"Sijawahi kuufikia, mama. Huwa naamshwa."

Wakanyonga. Cheni zilisema kidogo, pumzi zikajibu.

"Na wewe, mama, unaota nini?"

"Mimi siku hizi sioti kitu," akasema. "Tangu mzee aondoke. Nalala kama gunia la mkaa, naamka kama gunia la mkaa. Usiwaambie wanangu, watanipeleka hospitali." Sauti yake ikaja tena, karibu zaidi. "Wananipenda, hilo silikatai. Lakini nikiinua kikombe, mtu anakipokea. Nikisimama, mtu anauliza, Mama, unataka nini? Mimi nimesimama tu. Tangu lini mtu mzima akahitaji sababu ya kusimama?"

Mkate akasema tu, "Nipo, mama," ili asigongwe, naye akajibu, "Nimekusikia."

Hakujua walipanda muda gani. Hapakuwa na juu wala chini. Uchungu wa mapaja tu ndio uliomwambia kwamba bado mlima ni mlima. Kisha weupe ukaanza kuwa wa manjano, manjano ikawa dhahabu, na wakatoka juu ya wingu kama watu wanaotoka majini. Jua la jioni lilikuwa limelala juu ya bahari ya mawingu iliyofika hadi upeo wa macho, vilele vyeusi vikichomoza kama migongo ya ng'ombe waliolala. Na kwenye ukingo wa mlima, kama sahani kabatini, kilikaa kijiji cha tatu.

Nyumba zilikuwa za orofa mbili, mawe chini na mbao juu, na mfereji wa maji ulipita katikati ya njia ukiimba kwa sauti ndogo. Moshi ulipanda kutoka mabomba machache tu. Mwanamke mwenye mabega mapana, aliyevaa koti la kiume, alikuwa amesimama mlangoni kana kwamba aliwatarajia. Aliongea kwa kupaza sauti, kama waongeavyo watu waliozoea kuitana kutoka mteremko hadi mteremko.

"Karibuni! Mume na mke?"

"Hapana!" Mkate nusura aanguke na baiskeli. "Mama mkwe wangu."

Mwenye nyumba alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Haya, hao sijawahi kuwapokea! Ingieni, ingieni. Vyumba viwili basi, na ukuta mnene katikati."

Jikoni dari lilikuwa jeusi kwa moshi wa vizazi. Waliketi karibu na jiko, viatu vyao vikifuka mvuke, wakala supu na mkate wa siku nyingi, mgumu kama kigae. Mkate aliutumbukiza kwenye supu akaula bila neno, na kwa mwokaji hiyo ni sifa. Joto lilimpanda kutoka magotini hadi kwenye kope. Aliwasikia wanawake wawili wakiongea, na sauti zao zikawa mbali, zikarudi, zikaenda mbali tena.

Mwenye nyumba alikuwa akieleza habari za nyumba ya jirani, ya kaka yake aliyehamia mjini. Aliiwashia moto kila jioni, hiyo na nyingine mbili.

"Kwa nini, kama hakuna mtu?" akauliza Mama Mvuke.

"Nyumba za huku hazitaki mtu, mama yangu. Zinataka moto. Ukiinyima moto, ukungu unaingia kwenye mbao, mbao zinavimba, zinasukuma mawe, na siku moja paa linakuja chini. Si mmeona kule chini? Hakuna vita, hakuna tetemeko. Ni moto tu uliokosekana. Lakini na mimi nazeeka. Nyumba tatu si mchezo. Mwaka huu nadhani ya kaka yangu nitaiachia."

Mama Mvuke aliweka kijiko chini. "Nionyeshe," akasema.

Wakatoka wamebeba makaa kwenye sufuria ya chuma. Mkate aliona dirisha la nyumba ya jirani likigeuka kutoka weusi kuwa wekundu, kisha rangi ya chungwa, na kivuli cha mama mkwe wake kikipita na kurudi. Alikusudia kuinuka kuwasaidia. Badala yake akalala, akiwa ameketi, usingizi wa pono.

Alipoamka alikuwa kitandani, asijue amefikaje, na jua lilikuwa limeshajaa chumbani. Alikaa akajikuna kichwa. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alilala wakati watu wengine wamelala na kuamka wakati watu wengine wameamka. Kichwa chake kilikuwa chepesi na kitupu kama bakuli lililooshwa. Aliona kila kitu: nyuzi za blanketi, kisigino cha inzi kwenye kioo, mlima wa mbali wenye mstari wa theluji. Akaogopa kidogo, kama mtu aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza.

Chumba cha Mama Mvuke kilikuwa kitupu, kitanda kimetandikwa pembe kwa pembe. Akamfuata kwa sauti za wanawake, akamkuta mwisho wa njia, pale mfereji ulipoingia kwenye birika refu la mawe. Mikono ilikuwa imezama hadi viwikoni. Alikuwa akisuuza mablanketi pamoja na wanawake watatu wa kijiji, anawaamuru, nao wanamtii wakicheka.

"Si kwa kukamua hivyo! Unalisokota kama shingo ya kuku! Likunje, likalie." Kisha akamwona. "Mkwe, umeamka? Jana nimeota."

"Umeota nini, mama?"

"Nimeota nimelala kwenye kitanda kile kile, dirisha liko wazi. Basi. Nililala, nikaota nimelala." Uso wake ulikuwa mwekundu kwa maji ya baridi. "Sijapata ndoto tamu kama hiyo."

Mkate akatabasamu. Akasema wanywe chai waondoke, maana kuteremka nako ni kazi na dada mkubwa hapendi kusubiri.

"Wewe utaondoka," akasema Mama Mvuke. "Mimi nabaki."

Alidhani amesikia vibaya. Wanawake wale watatu wakajishughulisha na mablanketi kwa bidii ya ghafla.

"Unabaki vipi, mama?"

"Nabaki na ile nyumba. Nimekubaliana na mwenye nyumba. Nitaiwashia moto, nitaikausha. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimepewa jembe siku ya kwanza na nimelipenda."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Nyumba ikikauka nitajua."

"Mama, dada mkubwa ataniua."

"Hawezi. Mkate atanunua wapi?"

Yeye hakucheka. Alisema yote aliyotakiwa kusema: baridi, dawa zake, magoti, upweke, wajukuu. Aliyasema kwa sauti ya chini, macho yametazama kokoto, kama inavyopasa. Mama Mvuke alimwacha amalize. Kisha akakausha mikono kwenye aproni ya kuazima, akamwendea.

"Nitazame, mwanangu."

Akainua macho. Labda ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mama huyu usoni zaidi ya muda wa salamu. Aliona mwanamke mwenye nywele zilizosimama kwa upepo, kovu dogo la pasi kwenye kidevu, macho ya mkewe katika uso mwingine. Hakuona mgonjwa wala aliyechanganyikiwa. Hakuona mtu anayekimbia.

"Niwaambie nini?" akauliza.

"Waambie nilivyo. Umeniona."

Alimwachia koti lake zito, mpira wa akiba na vifaa vya kuziba pancha. Mwenye nyumba akamfungia jibini kwenye kitambaa. Mama Mvuke hakumsindikiza. Alikuwa ameshapanda ngazi ya nyumba yake na kufungua madirisha yote, moja baada ya jingine, na Mkate alipopita chini yake akampungia kitambaa cha vumbi.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na Mkate aliyaelewa maneno hayo kona kwa kona. Barabara ilimwangusha kutoka jua hadi kivulini, kutoka majani mafupi hadi misonobari, upepo ukimvuta machozi kwa nguvu. Vidole vilimfa ganzi kwenye breki. Kundi la mbuzi lilisimama katikati ya lami, akangoja lipite, nao wakamtazama kwa macho yao ya kando bila huruma. Kila kona alitunga maneno ya kumwambia dada mkubwa, na kila kona iliyofuata iliyapeperusha. Simu ilipopata mtandao ikaanza kupiga kelele mfukoni kama kifaranga. Hakuitoa. Alikuwa na kitu kizima mikononi na aliogopa kukimwaga: mwanga wa dirisha lile, maji ya birika, kicheko ndani ya wingu. Alitaka kukifikisha chini kikiwa hivyo hivyo.

Gari lilikuwa langoni. Binti wa kwanza alikuwa amesimama na chupa ya chai kifuani. Mke wa Mkate alikuwa amekaa kwenye jiwe. Waliiona baiskeli moja. Wakangoja ya pili. Haikuja.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko salama, dada."

"Nimeuliza yuko wapi. Ameanguka?"

"Hapana."

"Amekufa?"

"Hapana, dada! Anafua."

"Anafanya nini?"

"Anafua mablanketi. Alikuwa anafua nilipoondoka. Sasa nadhani anawasha moto."

Binti wa kwanza aliweka chupa ya chai juu ya gari, taratibu sana, na Mkate akajua kinachofuata. Kilifuata. Aliitwa mzembe, mlalaji, kichwa cha unga. Akavumilia. Lakini dada mkubwa aliposema, "Mtu amekwenda na mama yetu usingizini na kumsahau kama mwavuli," akasikia sauti yake mwenyewe inatoka, kubwa kuliko alivyoizoea.

"Sijamsahau. Nimemwacha pale alipotaka, na nilikuwa macho." Akawaeleza yote kama yalivyokuwa: wingu, nyumba inayotaka moto, wanawake waliokuwa wakiamrishwa na kucheka, madirisha yakifunguliwa. Alificha jambo moja tu, lile la gunia la mkaa, kwa kuwa lilisemwa gizani mwa weupe na halikuwa lake. "Dada, mimi nimemwona. Ungemwona na wewe usingemshika mkono umtie garini."

Dada mkubwa alimtazama kana kwamba kiti kimeongea. Kisha akamgeukia mlinzi wa lango hilo amfungulie njia, mlinzi akakataa, akamtishia, mlinzi akakataa tena kwa adabu, mwisho akamwambia lori linapanda keshokutwa. Njiani kurudi mke wa Mkate alikuwa amekaa naye nyuma, ameshika lile jibini mapajani. Karibu na mji akamwegemea begani.

"Madirisha yalikuwa na rangi gani?" akanong'ona.

"Bluu. Bluu iliyobanduka."

"Niambie tena kuanzia kitunguu."

Keshokutwa binti wa kwanza alipanda na lori, amevaa viatu vya mjini, amesema anarudi na mama yake jioni hiyo hiyo, apende asipende. Jioni lori likashuka bila yeye. Likashuka tena wiki iliyofuata, naye akateremka pua imemwiva kwa mafua na viganja vimechubuka. Ukoo mzima ulikusanyika sebuleni kusikia.

"Nilikuwa na maneno yangu yote," akasema, na sauti yake haikuwa na pasi. "Nimeyapanga njia nzima. Nafika, namkuta juu ya paa anabandua kuvu. Nikamwambia, Mama, shuka. Akasema, Nishikie ngazi. Basi nikashika ngazi. Utamfokea vipi mtu na huku umeshika ngazi yake?" Akapiga chafya. "Nimeshika mpaka jua likazama. Kesho yake tena. Anahitaji sabuni na soksi. Nani ana kalamu?"

Tangu siku hiyo lori la hifadhi likabeba mafuta ya taa, chumvi, na furushi la Mama Mvuke. Mara mojamoja likabeba na wajukuu. Mkate alipanda kwa baiskeli kila alipopata mtu wa kumwachia tanuri, na mwokaji mwenzake akashangaa kwamba mtu yule aliyekuwa akilala kasimama sasa anapiga miluzi. Nyumba ikakauka. Mama Mvuke akahamia kwenye nyingine kati ya zile tatu kuikausha nayo, akidai ni ya majira haya tu.

Kisha asubuhi moja ya baridi, Mkate akiwa nyuma ya kaunta, akaona katika foleni, baada ya mwalimu na kabla ya dereva wa teksi, bibi mmoja aliyeungua jua, kofia ngumu kwapani na tope hadi magotini. Alitaka kumwita mbele. Bibi akamkatalia kwa kidole, akangoja zamu yake, alipofika mbele wateja wakaanza kunusa moshi wa kuni kwenye koti lake.

"Mama! Umerudi kukaa?"

"Nimekuja kutembea," akasema Mama Mvuke. "Mpaka Jumamosi. Nipe miwili, na ule ulioungua kidogo pembeni, usimpe mtu mwingine."

Alimfungia. Bado ilikuwa na moto. Karatasi ikafanya ukungu. Alipotoka, akachukua baiskeli iliyoegemea mlangoni na kumega kipande kabla hajafika hata kwenye kona, dereva wa teksi akainamia kaunta.

"Nani yule?"

"Mama mkwe wangu," akasema Mkate. "Anakaa milimani."

Dereva akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa mtaa anaoujua, akaagiza mikate yake.